Koni au Bobini: Hesabu ya Uzi kwa Fundi wa Bunia

Ukipita kwenye baraza za mafundi wa nguo mjini Bunia, kuanzia Boulevard de la Libération hadi ndani ya mitaa, unaweza kumjua anayeshona sare za shule na anayeishi kwa vikwembe kabla hujaona kitambaa. Tazama uzi. Mmoja ana koni kubwa mbili tatu, nyeupe na bluu, zimekaa ndani ya kopo nyuma ya mashini. Mwingine ana mfuko wa bobini ndogo za kila rangi, nyingi zimebaki na uzi wa kutia kifungo tu. Ukiwauliza, wa koni atakuambia bobini ni hasara, na wa bobini atakuambia koni inalaza pesa. Kila mmoja anasema kweli kuhusu kazi yake na anakosea kuhusu kazi ya jirani. Kinachoamua ni rangi yenyewe: inaingia kwenye mshono gani, na itakwisha lini.

Tuanze na kile kinachouzwa. Koni iliyoenea sana katika maduka ya Afrika Mashariki ni ya poliesta, na lebo yake husomeka 40/2. Namba ya kwanza inaonyesha wembamba wa kila uzi, ya pili inaonyesha ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja: hapa ni mbili. Kwa kipimo cha Tex, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 1,000, uzi huo unakaribia 30. Lebo nyingine huandika 120, ambacho ni kipimo cha tiketi, na chenyewe huenda kinyume: namba ikipanda, uzi unazidi kuwa mwembamba. Tiketi 120 ni Tex 25 hadi 27 hivi, kwa hiyo ni ndugu wa karibu wa 40/2, na zote mbili hupita bila shida kwenye sindano namba 14, ambayo inafaa kikwembe.

Kwenye urefu ndipo wengi hujidanganya wenyewe. Koni iliyoandikwa 5000Y haina mita 5,000. Hiyo Y ni yadi, na yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo ndani mna mita 4,572. Pungufu ni mita 428, zaidi ya bobini nne za mita 100. Hapo muuzaji hajamwibia mtu, lebo imesema wazi. Wizi wenyewe uko kwenye koni ambayo plastiki ya ndani imenenepeshwa, au uzi umeviringwa kwa ulegevu ili ujaze macho, na lebo ikabaki 5000Y vilevile.

Dawa yake ni mizani. Mita 4,572 za uzi wa 40/2 zina gramu 135 hivi. Koni ya yadi 3,000 ina gramu 81. Pima koni nzima, kisha utoe uzito wa koni tupu ya aina ileile, ambayo kila fundi anayo mahali fulani chini ya meza. Ukipata gramu 100 pale ulipotegemea 135, basi ama urefu umepungua kwa zaidi ya mita 1,000, ama uzi ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Kwa vyovyote vile umeuziwa poliesta pungufu. Na Bunia si mji wa kukosa mizani: wanunuzi wa dhahabu ya Ituri hupima hadi sehemu ya gramu, na sijaona sababu ya uzi kuheshimiwa chini ya hapo.

Sasa matumizi. Mshono wa kawaida wa mashini, ule ambao uzi wa juu na uzi wa kaneti, yaani wa chini, hufungana katikati ya kitambaa, hula mita 2.5 hivi za uzi kwa kila mita ya mshono. Karibu nusu inatoka juu, nusu inatoka kwenye kaneti. Bobini ya mita 100 basi inatoa mshono wa mita 40. Chukua gauni lenye jumla ya mita 15 za mshono, pamoja na pindo, mikono na zipu: linakula mita 37.5. Bobini moja inamaliza magauni mawili na kubakiza mita 25, na mabaki hayo ndiyo yanayojaza mfuko wa fundi wa vikwembe, maana mteja wa tatu analeta kikwembe cha rangi nyingine kabisa.

Ovaloki ni ulimwengu mwingine. Mashini ya ovaloki ya nyuzi tatu hula takriban mita 14 za uzi kwa kila mita ya ukingo. Gauni lenye kingo za mita 10 linameza mita 140 kwa kuzuia kuchanika tu, karibu mara nne ya uzi uliolishona. Hapa hakuna ubishi: hakuna anayeweza kulisha ovaloki kwa bobini tatu ndogo, na bahati nzuri ukingo wa ndani hauhitaji rangi kamili. Wengi hubaki na nyeupe, nyeusi na kijivu, wakawa wamefunika karibu kila kitambaa kinachoingia. Tena uzi wa ovaloki unaweza kuwa mwembamba kidogo kuliko ule wa mshono mkuu, kwa sababu haubebi uzito wa nguo.

Kwa mashini ya kawaida hesabu inahitaji kalamu. Koni ya yadi 5,000 ina karibu bobini 46 ndani yake. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya koni dukani ni sawa na bei ya bobini nane. Faida ya koni inaanza siku ile rangi hiyo ingekuwa imekufikisha bobini ya tisa. Kabla ya hapo umemkopesha muuzaji pesa zako bila riba. Kwa uzi mweusi, bobini ya tisa huja upesi. Kwa zambarau uliyoinunua kwa ajili ya gauni moja la harusi haiji kamwe, na koni itakaa rafuni ikinywa vumbi la kiangazi. Kwa hiyo usiulize koni ni rahisi kiasi gani kwa mita. Kwa mita, koni ni rahisi karibu kila mara. Uliza utaimaliza lini, na wakati huo pesa yako ingekuwa imezunguka mara ngapi kwenye bitana, zipu na vifungo.

Ndiyo maana rangi mbili zinastahili koni Bunia kuliko nyingine zote. Sare ya shule ya Kongo ni nyeupe juu na bluu chini, nchi nzima, kutoka Mahagi hadi Matadi. Masomo huanza Septemba, na mafundi hulundikiwa kazi wiki za mwisho za Agosti. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za serikali ilipotangazwa kuwa ya bure, watoto ambao karo ilikuwa imewaweka nyumbani waliingia darasani, lakini sare ilibaki mzigo wa mzazi. Kwa fundi, shati jeupe na sketi ya bluu ni kazi ileile ikirudiwa mamia ya mara kwa uzi uleule. Hapo bobini ni kujiumiza. Mbali na bei, kila bobini inapokwisha katikati ya mshono unasimamisha mguu, unatungia upya, unafunga ncha. Kwa mwenye shati moja ni dakika mbili zisizo na maana. Kwa mwenye agizo la shule ni saa nzima za wiki ya Agosti.

Kuna pia maagizo mengine ya kundi ambayo fundi wa vikwembe huyasahau anapopiga hesabu. Kila mwaka kuelekea tarehe 8 Machi, akina mama wa ofisi, wa masoko na wa vyama hununua kikwembe kimoja cha Siku ya Wanawake na kukishona kila mmoja kwa mtindo wake. Korali za makanisa hufanya hivyohivyo kabla ya sikukuu, na familia kabla ya harusi. Kikwembe kimoja, watu thelathini, fundi mmoja au wawili. Ukipata agizo la namna hiyo, piga hesabu kabla ya kupokea avansi: magauni 30 ya mita 37.5 ni mita 1,125, yaani bobini 12 zikihesabiwa kwa ukamilifu. Koni ya yadi 3,000 inatosha na kubaki, na rangi haitabadilika katikati. Hilo la rangi si dogo. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na bluu ya fungu la leo inaweza kupishana na bluu ya fungu la mwezi ujao, kidogo tu, lakini kiasi cha kuonekana pale mishono ya juu inapopita kifuani.

Tukubaliane basi kwamba kwa nyeupe, nyeusi, bluu na agizo la kundi, koni inashinda kwa kalamu. Mbona basi mafundi wengi walioijaribu waliirudisha rafuni na kusema "inakata uzi"? Jibu liko kwenye mashini, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe.

Mashini za pedali tulizonazo, Singer za zamani na Butterfly za Shanghai, zilibuniwa kwa bobini. Juu ya kichwa kuna kijiti kilichosimama. Bobini inavishwa hapo na, uzi unapovutwa kutoka ubavuni, inazunguka yenyewe. Ni sawa, kwa sababu bobini ndogo huviringwa kwa mizunguko inayolala sambamba, na uzi wake wote, mita 100, una uzito wa gramu 3 tu. Mguu wa fundi hautambui kama kuna kitu kinachozungushwa.

Koni haikuumbwa kuzunguka. Uzi wake umeviringwa kwa kukatana, mzunguko mmoja ukivuka mwingine kwa mshazari, ili utoke kwa kupanda juu kwenye ncha huku koni yenyewe imekaa tuli. Ukiibandika kwenye kijiti cha bobini na kuvuta kutoka ubavuni, unailazimisha mashini kuamsha gramu 135 na plastiki yake kila mshono. Mkono wa mashini unaopandisha uzi hauvuti kwa upole unaolingana: huvuta kwa mshtuko mmoja, mara moja kwa kila tundu. Koni inagoma, kisha inaanza kuzunguka, kisha inapitiliza wakati mkono umekwisha kushuka, na uzi unalegea. Mshtuko unaofuata unaukuta umelegea na kuukaza ghafla. Mshono unajikunja, uzi unakatika, na fundi anafanya jambo la kawaida kabisa: analegeza skrubu ya sahani za mkazo. Kwa muda kazi inatulia. Lakini koni inavyopungua inakuwa nyepesi, mvuto wa nyuma unapungua, na mkazo uliolegezwa sasa ni mdogo mno. Vitanzi vinatokea upande wa chini wa kitambaa. Hapo ndipo lawama inapomwangukia Mchina aliyetengeneza uzi.

Tiba ni kuitoa koni juu ya mashini kabisa. Iweke wima nyuma ya kichwa, mezani au kwenye kibao kilichopigiliwa pembeni, na juu yake uweke ndoano ya waya mgumu. Spoku ya baiskeli kuukuu inafaa vizuri. Ndoano iwe juu ya kitovu cha koni, wala isiegemee upande, na kimo chake kutoka kitako cha koni kiwe kama mara mbili na nusu ya kimo cha koni. Koni ya sentimita 11 inataka ndoano kwenye sentimita 27 hivi. Ikiwa fupi zaidi, uzi unaburuza mabega ya koni unapozunguka. Ikiegemea upande, uzi unatoka kwa urahisi nusu mzunguko na kwa taabu nusu nyingine, na mshono utakuonyesha. Kutoka kwenye ndoano, uzi uende kwenye kielekezi cha kwanza cha mashini, na baada ya hapo utungie kama ulivyozoea. Kisha, na hili wengi hulisahau, rudisha skrubu ya mkazo mahali pake pa awali na uanze kurekebisha upya.

Kopo nalo linafanya kazi, mradi mdomo wake uwe mpana na ndoano iwe juu yake. Kopo bila ndoano ni nusu ya tiba: uzi unasugua ukingo wa bati na kuchanika nywele nywele kabla haujafika kwenye sindano. Koni iliyoachwa sakafuni chini ya meza huokota makapi, nyuzi za vitambaa na nywele, na hivyo vyote huishia kati ya sahani za mkazo. Weka kipande cha sponji chini ya koni pia, kwa sababu mizunguko ya chini hupenda kuteleza na kunaswa chini ya kitako. Usiku ivalishe mfuko wa plastiki. Barabara za Bunia katika miezi ya ukame hazihitaji maelezo.

Kinyume chake nacho ni kweli. Wale walionunua mashini za kiwandani za umeme, mfano Juki, zinazoweza kufika mishono 5,000 na zaidi kwa dakika, hawana hiari: bobini ndogo kwa kasi hiyo huzunguka kama pia, na ukiachia mguu inaendelea, uzi unajiviringa kwenye kijiti na kukatika unapoondoka tena. Mashini hizo huja na kisimamio cha koni kwa sababu hiyo.

Ubora wa uzi hautegemei ukubwa wa kifurushi, ingawa wengi huamini wa bobini ni mzuri zaidi. Vuta urefu wa mkono na utazame dhidi ya jua: vinundu vinavyojitokeza kila baada ya sentimita chache vitaziba tundu la sindano. Choma ncha: poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Jambo hili lina uzito mahali ambapo pasi ya makaa bado inatawala, kwa kuwa pasi hiyo haina kidhibiti cha joto. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 na huanza kulegea kabla ya hapo, na pasi iliyopulizwa makaa mapya inaweza kukaribia. Kikwembe cha pamba kitavumilia, mshono wa poliesta huenda usivumilie. Tandika kitambaa chenye unyevu juu ya mshono.

Kuna mbinu mbili zinazofanya ubishi wa koni na bobini uwe mdogo kuliko unavyosikika. Ya kwanza ni kijivu. Jaza kaneti kutoka koni ya kijivu cha kati na uitumie kwenye mishono ya ndani ya vikwembe, ambapo upande wa chini hauonekani. Mkazo ukiwa sawa, uzi wa chini hautachungulia juu, na bobini ya rangi inadumu karibu mara mbili, maana haitoi tena nusu yake kwenye kaneti. Kaneti moja ya mashini hizi hubeba kama mita 50, kwa hiyo ukiijaza kutoka kwenye bobini ya mita 100 umeikata bobini katikati kabla ya kushona tundu moja. Ya pili ni ushirika. Mafundi watatu wa baraza moja wanaweza kununua koni moja ya maruni au kijani na kuigawa kwa kuviringa kwenye bobini tupu kwa kutumia kiviringio cha kaneti cha mashini yao. Bobini za plastiki zilizokwisha hazitupwi; ndizo chombo cha mgawo.

Hesabu hii yote inakaa juu ya barabara. Uzi unaofika Bunia hutoka zaidi Kampala, kwa njia ya Mahagi au Aru, au kwa mashua kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Mwingine hupitia kwa wafanyabiashara wa Butembo wanaoagiza Dubai na Guangzhou. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini barabara inapofungwa kwa vita, jumuiya haisukumi lori. Katika siku hizo mwenye koni nyeupe ya akiba anashona, na mwenye bobini anasubiri. Hiyo ni hoja ya koni. Hoja ya bobini iko kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kandoni mwa mji. Mama aliyetoka Djugu na kichwa cha mashini juu ya kichwa chake hakubeba koni, na anapoanza tena, kazi yake ya kwanza ni kubana suruali, kushona zipu, kutia viraka, kila kimoja na rangi yake. Kumwambia anunue koni kwa sababu mita yake ni rahisi ni kumpa hesabu ya mtu mwingine.

Kwa mashirika na makanisa yanayowakabidhi wasichana mashini wanapomaliza mafunzo ya ushonaji hapa Bunia, ombi langu ni moja. Badala ya pakiti ya bobini za rangi mchanganyiko, ambazo nusu yake haitalingana na kitambaa chochote kitakacholetwa, wekeni koni tatu, nyeupe, nyeusi na bluu ya shule, pamoja na kisimamio chenye ndoano na kaneti kumi za ziada. Pesa ya bobini za rangi mpeni kila msichana mkononi, azinunue wakati mteja wa kwanza atakapoleta kikwembe chake.